Masjala Isiyofungwa Mlango: Tovuti ya Chuo na Dhamana ya Wanaoiandika



Mada ya usimamizi wa tovuti za vyuo na huduma zake za mtandaoni imezoeleka kuachiwa wataalamu wa kompyuta. Wakati wa mkutano wa wakuu wa idara, ajenda hiyo ikifika, wengi hufunga madaftari wakamwangalia mkurugenzi wa TEHAMA. Ninachotaka kukithibitisha leo ni kwamba wanaofunga madaftari ndio wahusika wakuu. Kasoro nyingi tunazozilalamikia katika tovuti za vyuo vyetu, ada ya mwaka juzi inayoonekana kama ya mwaka huu, fomu isiyofunguka, namba ya simu ya mtumishi aliyekwisha kustaafu, hazitokani na ubovu wa mitambo. Zinatokana na pengo la kiutawala: hakuna anayejulikana kwa jina na cheo kuwa ndiye anayewajibika kwa maandishi hayo. Tovuti ya chuo ni masjala, tena masjala ambayo mlango wake haufungwi usiku wala sikukuu. Maadamu tunaiendesha kama bango la matangazo, tutaipaka rangi mpya kila uongozi unapobadilika na kasoro zitabaki zilezile. Tukiiendesha kama masjala, tutagundua kwamba kanuni nyingi tunazozihitaji tunazo tayari, zimo katika taratibu za kazi za ofisi ambazo makarani wetu wamezifuata kwa miaka mingi.

Asili ya chombo chenyewe inaunga mkono mtazamo huu. Teknolojia ya wavuti ilizaliwa CERN, maabara ya fizikia iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kutokana na pendekezo aliloliandika Tim Berners-Lee mwezi Machi 1989. Tatizo alilolieleza lilikuwa la kiutawala kabisa. Watafiti walikuja CERN kwa muda wakaondoka, na kila aliyeondoka aliondoka na ujuzi wa nani anashughulikia nini na hati ipi imehifadhiwa wapi. Miongoni mwa huduma za mwanzo zilizowavuta watumishi wa maabara hiyo kutumia wavuti ni kitabu cha namba za simu za ndani. Desemba 1991 seva ya kwanza ya wavuti nchini Marekani ilifunguliwa SLAC, maabara inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Stanford, na kazi yake ilikuwa kuwawezesha wanafizikia kupekua orodha ya machapisho ya fani yao. Kisha tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia teknolojia hiyo bila kudai malipo. Kitabu cha simu na orodha ya machapisho: hayo ni madaftari, vitu ambavyo thamani yake yote iko katika usahihi na urahisi wa kutafuta. Hakuna mtu aliyefungua kitabu cha simu ili akavutiwe na rangi zake.

Chombo hicho kilipoenea vyuoni kikapewa kazi nyingine, ya kujipamba. Mwaka 2010 mchoraji wa Marekani Randall Munroe alichora katuni yenye miduara miwili inayopishana. Mmoja ulikuwa na vitu vinavyowekwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya chuo kikuu, mwingine vitu ambavyo watu huingia humo kuvitafuta. Pale miduara ilipokutana aliandika kitu kimoja tu, jina kamili la chuo. Katuni ile iliwahusu Wamarekani, lakini anayefungua tovuti nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki atauona mduara wa kwanza bila taabu: picha za mahafali zinazopita moja baada ya nyingine, salamu za uongozi, habari za ugeni uliotembelea kampasi. Mduara wa pili atautafuta kwa tochi. Almanaki ya mwaka wa masomo, kiwango cha ada, sifa za kujiunga, simu ya ofisi ya udahili inayopokelewa, na maelezo ya namna ya kupata hati ya matokeo kwa mhitimu aliyeondoka miaka mingi iliyopita, hivi ndivyo vinavyomleta msomaji.

Pengo hilo lingekuwa dogo kama tovuti ingekuwa nyongeza tu ya huduma za dirishani. Hapa Tanzania haiko hivyo tena. Kuanzia 2010 maombi ya shahada ya kwanza yalipitia mfumo mmoja wa udahili uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kuanzia mwaka wa masomo 2017/2018 utaratibu ulibadilika na waombaji wakatakiwa kuomba moja kwa moja vyuoni. Badiliko hilo lilizungumzwa sana kwa upande wa uhuru wa kuchagua na gharama za maombi. Jambo lililosemwa kidogo ni kwamba tangu siku ile tovuti ya kila chuo iligeuka kuwa lango la udahili. Kijana aliyehitimu kidato cha sita Tandahimba au Kasulu hana dirisha jingine la kuuliza. Akiona sifa za kujiunga zilizopitwa na wakati, atalipia maombi ya programu asiyoweza kudahiliwa. Akikosa tarehe ya mwisho kwa sababu tangazo la kusogezwa mbele liliwekwa pembeni, amepoteza nafasi. Kosa la maandishi katika ukurasa huo lina uzito uleule wa barua yenye kosa iliyotoka ofisi ya msajili. Tofauti ni kwamba barua ina nakala katika jalada, ina saini, na aliyeiandika anaweza kuulizwa. Ukurasa hauna lolote kati ya hayo.

Tuchunguze sasa namna tangazo linavyofika katika tovuti, kwa kuwa safari hiyo inafichua ugonjwa wenyewe. Katika ofisi nyingi za umma na vyuo, ofisa huandika tangazo kwenye kompyuta. Hulichapa kwenye karatasi, hulipeleka likasainiwa na kugongwa mhuri, kisha karatasi hiyo huskaniwa na picha yake hutumwa kwa mtunza tovuti aipandishe. Maandishi yaliyozaliwa ndani ya kompyuta yametolewa nje, yamegeuzwa picha, yamerudishwa ndani yakiwa yamekufa. Picha hiyo ni nzito mara nyingi kuliko maandishi yenyewe, na msomaji anailipia kwa bando lake. Injini ya kutafutia mara nyingi haiyasomi vizuri yaliyomo, kwa hiyo anayetafuta tarehe ya kufungua chuo hukutana na kurasa za watu wengine waliolinakili tangazo, pengine kwa makosa. Kwenye skrini ya simu mstari hautoshi, inabidi kuukuza na kuusukuma kushoto na kulia. Mwanafunzi asiyeona, ambaye hutegemea programu ya kumsomea skrini kwa sauti, hasikii kitu, kwa kuwa kwa programu hiyo mbele yake kuna picha tupu. Shirika linaloratibu viwango vya wavuti, W3C, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuwafikia watu wenye ulemavu mwaka 1999, na sharti la kuweka maandishi badala ya picha lipo tangu toleo hilo la kwanza. Si sharti geni wala la kifahari.

Najua jibu litakalotolewa na wenzangu wa ofisi ya msajili, na ni jibu linalostahili kusikilizwa. Watasema mhuri na saini ndivyo vinavyothibitisha kwamba tangazo ni la kweli, hasa nyakati hizi ambapo matangazo ya kughushi husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Hofu hiyo ina msingi, ila dawa inayotumika haitibu. Picha ya mhuri ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kukikata kutoka tangazo moja na kukibandika kwenye jingine, na kila tangazo tunaloliskani linampa mwizi wa mihuri malighafi mpya. Uthibitisho wa hati ya mtandaoni uko katika anwani yake. Majina yanayoishia na ac.tz hutolewa kwa taasisi za elimu, na cheti cha usalama cha tovuti humhakikishia msomaji kwamba anachokisoma kimetoka kwenye anwani hiyo bila kubadilishwa njiani. Vyeti hivyo vilikuwa na gharama zamani. Tangu mwishoni mwa 2015 vinapatikana bure kupitia huduma ya Let's Encrypt. Kwa hiyo umma unapaswa kufundishwa jambo moja: ukiletewa tangazo, usitazame mhuri, nenda kalisome kwenye anwani ya chuo. Fundisho hilo litafaa kitu iwapo tu chuo kitahakikisha tangazo hilo kweli lipo pale na linasomeka. Nakala yenye saini ibaki katika jalada, mahali pake pa haki.

Na jalada ndilo linalonirudisha kwenye masjala. Masjala iliyopangika haimtegemei mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Kila jalada lina namba yake, kila barua iliyomo ina namba ya folio, na kuna kumbukumbu inayoonesha jalada limekwenda kwa ofisa gani na lini. Zaidi ya hayo, juu ya jalada huandikwa tarehe ya kulirudisha mezani. Karani hasubiri ofisa akumbuke. Siku ikifika jalada linapelekwa kwake, atake asitake. Hebu tuhamishie taratibu hizo kwenye tovuti. Kila ukurasa uwe na mwenye dhamana, anayetajwa kwa cheo, na jina la ofisi yake lionekane chini ya ukurasa. Ukurasa wa ada uwe wa mhasibu mkuu, wa mabweni uwe wa mshauri wa wanafunzi, wa programu za masomo uwe wa mkuu wa idara husika. Kila ukurasa uwe na tarehe ya kuhakikiwa, ukurasa wa ada kabla ya kila mwaka wa masomo, ukurasa wa historia ya chuo hata baada ya miaka miwili, na mfumo wenyewe umtumie mhusika ujumbe siku hiyo ikifika. Akikaa kimya mara mbili, ujumbe uende kwa mkubwa wake. Programu za kawaida za kuendeshea tovuti zinaweza kufanya hayo kwa marekebisho madogo. Kisichowezekana ni programu kumteua mwenye dhamana. Hiyo ni kazi ya utawala.

Kanuni nyingine ya masjala ni kwamba hati halisi ni moja, nyingine zote ni nakala zinazoirejelea. Tovuti za vyuo huivunja kanuni hii kila siku. Kiwango cha ada kimeandikwa katika ukurasa wa fedha, kimeandikwa tena katika ukurasa wa kila ndaki, kimo ndani ya maelekezo ya kujiunga, na kimo katika tangazo la mwaka uliopita ambalo halijaondolewa. Ada ikibadilika hurekebishwa mahali pawili, kwingine kunasahauliwa, na mzazi hukuta viwango viwili tofauti ndani ya tovuti moja. Hapo hata anayefanya kazi kwa bidii atashindwa, kwa sababu ameachiwa kufukuzana na nakala asizozijua idadi. Jambo moja liandikwe mahali pamoja, na kurasa nyingine ziweke kiungo cha kufika hapo. Utaratibu huo huo uhusu mwongozo wa udahili unaotolewa na TCU kila mwaka: ukurasa wa sifa za kujiunga uhakikiwe sambamba na mwongozo huo siku unapotoka, si baada ya malalamiko.

Namba ya jalada haibadilishwi kwa sababu ofisa mpya anapenda mpangilio mwingine. Vivyo hivyo anwani ya ukurasa. Berners-Lee mwenyewe aliandika juu ya hilo mwaka 1998, akisisitiza kwamba anwani iliyobuniwa vizuri haibadiliki na kwamba sababu nyingi zinazotolewa za kuibadilisha ni visingizio. Kwetu desturi ni kuisuka tovuti upya, kuizindua kwa makofi, na asubuhi yake kila kiungo kilichokuwa katika vitabu, tasnifu, barua za wafadhili na tovuti za vyuo vingine kinaelekeza kwenye ukurasa usiokuwepo. Hasara ya kitaaluma hapa ni kubwa. Mwaka 2002 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard kilitoa DSpace, programu ya bure ya kuhifadhi machapisho na tasnifu, na vyuo vingi vya ukanda huu vinaitumia. Programu hiyo iliundwa ili kila hati ipewe kitambulisho cha kudumu kisichotegemea sura ya tovuti. Chuo kinachoisimika kisha kikaacha vitambulisho hivyo vikatike wakati wa kuhamisha seva kimenunua kabati la chuma na kuacha mlango wazi. Sisemi tovuti isisukwe upya. Nasema anwani za zamani zote ziorodheshwe kabla ya kazi kuanza, na kila moja ielekezwe kwenye makao yake mapya. Mkataba wa kusuka tovuti usio na sharti hilo haufai kusainiwa.

Wapo watakaoniambia kwamba haya yote yangetatuliwa kwa kununua mfumo wa kisasa au kukabidhi kazi nzima kwa kampuni. Ushahidi wa mifumo yenyewe hauungi mkono matumaini hayo. Moodle, mfumo wa kufundishia uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia, haulipiwi leseni. WordPress na Drupal, programu za kuendeshea tovuti, na DSpace vilevile. Ingekuwa tatizo ni bei ya programu, lingekuwa limekwisha miaka 20 iliyopita. Kinachogharimu ni watu wa kuzitunza, kuzisasisha na kuweka nakala rudufu zilizojaribiwa, na kinachogharimu zaidi ni kutokuwa nao. Chukua tovuti ndogo ndogo zinazoota ndani ya anwani ya chuo: kongamano hufunguliwa yake, mradi wa wafadhili hufunguliwa yake, idara yenye kijana mjuzi hujitengenezea yake. Kongamano likapita, fedha za mradi zikaisha, kijana akaenda masomoni na nenosiri lake. Programu iliyobaki bila kusasishwa ni mwaliko kwa wavamizi, ambao hupachika humo kurasa za kamari na za dawa za kughushi, wakijua kwamba injini za kutafutia huziamini anwani za vyuo. Kampuni ya nje inaweza kusafisha uchafu huo, lakini haiwezi kujua ni tovuti ipi kati ya hizo bado ina kazi. Anayejua ni chuo, kama kingekuwa na daftari: nani alifungua tovuti hii, kwa shughuli gani, itafungwa lini, na yaliyomo yatahamishiwa wapi. Asiyeweza kujibu maswali hayo asipewe anwani.

Swali la mahali pa kuweka seva linastahili uangalifu zaidi kuliko linavyopewa. Kabla ya 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, kwa bei ya juu na kasi ndogo, na ilikuwa na mantiki kuweka tovuti ng'ambo ili wasomaji wa mbali waifikie. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, wa EASSy ukafuata 2010, na mitandao ya elimu na utafiti, KENET kwa Kenya, TERNET kwa Tanzania, RENU kwa Uganda, ikaviunganisha vyuo. Hata hivyo tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja katika bahari iliyo kusini mwetu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Siku kama hiyo ratiba ya mitihani iliyohifadhiwa kwenye seva ya Ulaya haifunguki hata kwa mwanafunzi aliyekaa bwenini, hatua chache kutoka ukumbi wa mtihani. Iliyohifadhiwa nchini hufunguka, kwa sababu watoa huduma wetu hubadilishana mawasiliano humu humu, kwenye vituo kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi. Kwa upande mwingine, seva iliyo ndani ya kampasi hutegemea umeme wa kampasi na fundi wa kampasi. Jibu la busara si la upande mmoja. Huduma za kila siku za wanafunzi zikae nchini, nakala rudufu zikae mbali, na kurasa za taarifa za msingi zitenganishwe na mifumo mizito ya usajili na matokeo. Siku matokeo yanapotangazwa maelfu huingia kwa pamoja na mfumo ukaelemewa; hakuna sababu almanaki na simu ya zahanati ya chuo navyo vizame.

Tukisema masjala, tukumbuke kwamba masjala pia hutunza siri. Bado lipo zoea la kubandika orodha za waliodahiliwa, za matokeo, za wanaodaiwa ada, zikiwa na majina kamili, namba za usajili, wakati mwingine na namba za simu, mahali ambapo dunia nzima inaweza kuzipakua. Zoea hilo limerithiwa kutoka ubao wa matangazo, ambapo orodha ilisomwa na waliokuwa jirani nayo na mvua ikaifuta baada ya wiki. Mtandaoni haifutiki, na inatafutika kwa jina miaka 10 baadaye, mhusika anapoomba kazi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria imekuja, na mifumo ya kuingia kwa nenosiri vyuo vingi vinayo. Mwanafunzi aone matokeo yake, si ya jirani yake. Anayedai kwamba uwazi unahitaji orodha hizo anachanganya mambo mawili: chuo ndicho kinachopaswa kuwa wazi kwa umma kuhusu viwango, taratibu na maamuzi yake, mwanafunzi hakuomba kuwekwa hadharani.

Pingamizi moja hutolewa kwa sauti ya ujanja: wanafunzi hawatembelei tovuti, wapo WhatsApp na Instagram, hivyo nguvu zielekezwe huko. Ni kweli habari husafiri kwa njia hizo, na chuo kinapaswa kuzitumia. Lakini ujumbe wa kundi hupita, hufukiwa na salamu na vichekesho, hukatwa kichwa na mkia ukatumwa tena bila tarehe. Ndiyo maana kila kundi lina mtu anayeuliza kama habari hiyo ni ya kweli. Swali hilo haliwezi kujibiwa ndani ya kundi. Linahitaji chanzo cha kulirejelea. Kadiri makundi yanavyoongezeka ndivyo ukurasa rasmi unavyohitajika zaidi.

Wengine huja na hoja ya viwango vya ubora. Mwaka 2004 maabara ya Cybermetrics ya Hispania ilianza kutoa orodha ya Webometrics inayovipanga vyuo vikuu vya dunia kwa kutazama uwepo wao mtandaoni, na viongozi wengi wa vyuo vya Afrika wamekuwa wakiisubiri kwa shauku. Kwa muda mrefu nusu ya alama zake imetokana na viungo ambavyo wengine duniani wameviweka kuelekea tovuti ya chuo. Tafakari maana yake. Watu huweka kiungo kwenye hati wanayoiona ina manufaa, na kiungo hicho huhesabiwa maadamu anwani haijakatika. Chuo kinachotunza tasnifu zake wazi kwa anwani za kudumu kitapanda bila kukusudia. Kinachobadilisha anwani kila uongozi mpya unapoingia kinajipunguzia alama kwa mkono wake, hata kikiweka picha elfu za mahafali.

Limebaki suala la lugha. Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza, na tovuti zao karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, utadhani wasomaji wote ni wahadhiri. Lakini anayelipa ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ni mzazi, na anayetaka kujua kama binti yake atapata chumba bwenini ni mzazi huyohuyo. Tovuti za wizara zetu zimekuwa na Kiswahili kwa miaka mingi. Mtu atasema kutafsiri tovuti nzima ni mzigo, na makosa ya tafsiri yatazaa utata. Nakubali, na kwa sababu hiyo sipendekezi tovuti nzima. Kurasa za sifa za kujiunga, ada, mabweni, tarehe, malalamiko na mawasiliano ni chache, na ziandikwe kwa Kiswahili na mwenye dhamana mwenyewe badala ya kutafsiriwa na mashine. Vyuo vyenye idara na taasisi za Kiswahili havina haja ya kutafuta mhariri mbali.

Maamuzi ya kuanzia hayasubiri bajeti mpya. Seneti inaweza kuamua katika kikao kimoja kwamba kila ukurasa uorodheshwe na kupewa ofisi inayoumiliki, na usio na mwenyewe ushushwe. Kwamba tangazo lipandishwe likiwa maandishi. Kwamba anwani haikatwi bila kuelekezwa. Kwamba kila tovuti ndogo iwe na tarehe ya kufungwa. Kwamba orodha za majina ziondolewe hadharani. Wataalamu wa TEHAMA watabaki na kazi yao ya mitambo, nakala rudufu na ulinzi, wakiwa wametuliwa mzigo wa kuandika habari ambazo hawakuwahi kuwa na mamlaka nazo. Na iwapo mtu ataona kwamba masharti haya ni makali mno kwa ukurasa wa wavuti, basi ayalinganishe na masharti tunayowapa wanafunzi wetu. Tasnifu isiyotaja chanzo cha kila dai tunairudisha, na isiyo na jina la mwandishi wala mwaka hatuipokei kabisa. Chuo kinachodai hivyo kwa kijana wa miaka 22 hakina udhuru wa kuutangazia umma ada, tarehe na masharti yasiyo na mwandishi wala mwaka.